Kimea cha Redempta

"Ufunguo sitoi," Cornelia alisema, akauchomeka kifuani ndani ya kanga, mahali ambapo hata polisi hawapekui. "Ulezi wa jumuiya si wa kupikia pombe, dada."

Redempta aliendelea kukoroga uji wake. Mimi nilikuwa kwenye kigoda karibu na mafiga, nimekuja kuota moto, maana baridi ya Milanzi mwezi wa saba si ya mchezo. Mwaka jana kuku wangu aliatamia miezi mitatu kwa kutafuta joto tu, na vifaranga walipototolewa walikuwa tayari wanawika.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Cornelia ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, na ufunguo ni wa ghala la ulezi. Ulezi huo tunaulima pamoja kwenye shamba la kanisa, kwa matuta yetu ya mviringo yale ya kufukia majani, na wote unashuka bondeni, Milepa na Kaoze, kwa watoto waliokonda. Kuna familia zimehamia huko na ng'ombe kutoka pande za kaskazini, lakini usidanganywe na wingi wa pembe. Wengi wanachunga mali ya mtu mwingine, na maziwa wanayaonja kwa macho.

Aliyeanza kazi hiyo ni Sista Agneta, mtawa aliyetoka Ulaya akiwa msichana na kuzeekea kwetu. Redempta alikuwa mpishi wake miaka kumi na tisa. Miguu ya Sista ilipokataa, wenzake walikuja kumrudisha kwao. Siku ya kuondoka hakuhutubia. Alimshika Redempta mkono, akamwambia, "Jumanne usikose," akapanda gari.

Sisi tulijua mambo yamekwisha. Mpishi ataongoza nini? Jumanne Redempta akafunga mizani ya kupimia watoto kwenye kanga, akapanda lori la mahindi, akashuka nalo mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Tangu hapo ni mwaka wa nne. Siku moja lori lilizama kwenye tope akateremka kwa miguu, sufuria la uji wazi kichwani, mvua inapiga. Hakumwaga tone. Alifika sufuria limejaa kuliko lilivyotoka.

Sasa pombe inaingiaje? Redempta ana makopo mawili, moja la unga wa ulezi, moja la kimea, ule ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, ambao kila mwanamke wa Ufipa anao kwa ajili ya kuumulia pombe ya sikukuu. Jumanne ile ya kwanza, kwa haraka na machozi ya kuachwa, aliona uji umepoa kabla haujawa mzito, akaongeza unga. Kopo silo. Uji ukalegea mbele ya macho yake ukawa kama maziwa. Akaurudisha motoni ukachemka tena, bado mwepesi. Alinieleza kwamba alilia, akidhani ameharibu kazi ya Sista siku ya kwanza tu.

Lakini kulikuwa na mtoto kule bondeni ambaye kila wiki alikuwa anatema uji wa Sista, maana ulikuwa mzito unamkaba. Huu mwepesi akaunywa. Akamaliza kikombe, akanyoosha mkono kutaka kingine. Wiki tatu baadaye mizani ilishuka chini kwa uzito wake, na mimi nasema kamba ya kuitundikia ilikatika, ingawa Redempta anasema haikukatika. Tangu siku hiyo kila sufuria linapata kijiko cha kimea.

Maneno hayo ndiyo hivi majuzi yaliyopanda mlima yakamfikia Cornelia yakiwa yameota mkia: Redempta anawanywesha watoto wa watu pombe kwa jina la Sista. Akafunga ghala. Jumanne mbili zikapita bila lori.

"Kunywa," Redempta alisema, akamsogezea kikombe.

"Nilewe asubuhi hii?"

"Ukilewa nitakubeba mpaka kwako, na ghala ulifunge maisha."

Cornelia alinusa kwanza, kama mbuzi anayepewa chumvi na mgeni. Akanywa funda moja, akangoja. Akanywa la pili. Mimi nikaanza kumuuliza kama ananiona mmoja au wawili.

"Na wewe bibi nyamaza," akasema, lakini kikombe hakukiweka chini. Kisha akamgeukia mwenzake, sauti imeshuka. "Sista anajua?"

"Nilimtumia ujumbe, mjukuu aliniandikia. Alijibu kwamba yeye miaka yote alipikisha uji wa kumfurahisha mpishi, sasa kuna wa kumfurahisha mtoto."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ulikuja kuuliza, au ulikuja na ufunguo?"

Mkono wa Cornelia ulikuwa umeanza kwenda kifuani pale kwenye kanga, au labda alikuwa anajikuna tu, sitaki kumsingizia, ndipo tuliposikia hodi.

Alikuwa mwanamke mgeni, vumbi mpaka magotini, mtoto mgongoni. Akatuamkia wote watatu shikamoo, akamtazama Redempta.

"Mama Uji," alisema, "Kaoze tumengoja Jumanne mbili."