Ekzosi Mpya ya Pikipiki ya Baba

Pikipiki aliyoniachia marehemu baba ilikuwa imeoza ekzosi, lile bomba la moshi, nikamwambia fundi wa Igoma anifungie yoyote inayoingia. Alipoiwasha ilinguruma kama trekta, na mimi mjinga nikacheka. Nilisahau kwamba mama hufungua geti kwa kusikia mlio ule wa zamani, na juzi tu wezi wa pikipiki walimvamia jirani.

Jioni, giza limeshaingia, nilifika nyumbani, nikapiga resi. Kimya. Nikafungua komeo mwenyewe, nikaingia.

Panga lilikuwa limeinuliwa usoni pangu. Nilitaka kuita. Moshi wa pikipiki ukanipalia, nikakohoa.

Mama alilishusha taratibu.

“Shukuru Mungu,” alisema, “unakohoa kama baba yako.”