Nyuki wa Kontena

Soko lilipofanywa huria, mtaani kwetu Sakina zilivuma habari kwamba wauza mbao wanaagiza nyuki weusi kutoka nje, kwa makontena, na kuwaachia watoboe kenchi za mapaa ya watu ili tununue mbao mpya. Niliamini asilimia mia. Mitumba ilitoka nje, redio zilitoka nje, nyuki washindwe na nini? Tena nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na mwenye cheti hadanganyiki ovyo.

Kwangu walikuwapo: wakubwa kama vifaranga, wakinguruma kama lori la Namanga. Nikavua kandambili, nikatangaza vita. Niliua kikosi kizima, na mashimo nikayaziba kwa sabuni ya mche.

Mke wangu alikuwa na msiba wake. Pasheni aliyoitambaza kwenye uzio ilichanua kama harusi, kisha maua yakaanguka bila tunda hata moja. Naye alishawatangazia kina mama wa kanisani kwamba kipaimara cha binti yetu ni juisi ya nyumbani, soda marufuku.

"Baba watoto, nitauweka wapi uso wangu?"

"Ni udongo," nikamjibu, kwa sauti ya cheti. Nikamwaga samadi. Maua yakaanguka na samadi yake.

Mke wangu akamwita kaka yake aje aitazame pasheni, naye, kwa balaa langu, alikuwa muuza mbao. Nikampokea kandambili mkononi.

"Karibu shemeji, ila waite kwanza nyuki wako."

"Nyuki wangu?"

"Mliowashusha kwa kontena."

Akacheka mpaka akashika nguzo. "Misumari tu inanikwamia forodhani, nyuki ningewapitishaje?"

Halafu akaona mizoga chini ya ukuta, na kicheko kikakatika. Akaniita kwenye uzio, akashika ua moja.

"Tazama. Unga wa ua umening'inia hapa, juu ya utamu, na sehemu ya kuupokea iko juu hapohapo. Nyuki mdogo anapita chini, hagusi kitu. Huyu mkubwa akinyonya, mgongo unajipaka unga, akienda ua jingine anausugua panapotakiwa. Tunda linatoka hapo. Hakuna aliyewaleta, shemeji, walikuwapo kabla yetu. Umewaua wewe. Sasa weka chini hiyo ndala, tafuta brashi laini, uyapake maua unga mwenyewe kila yanapofunguka, hadi kipaimara."