Isale la Kaburini

Bibi yangu hakuwahi kuuliza ninafanya kazi gani hasa, mpaka siku nilipompa jirani kaburi la babu.

Sikukusudia, jamani. Nilikuwa kwenye kikundi kilichokuwa kinaijengea serikali daftari la ardhi la blokcheni, na majaribio yakaangukia Uru, nyumbani kwetu. Nilimweleza bibi hivi: ni daftari lenye nakala ofisi nyingi kwa wakati mmoja, na kilichoandikwa hakifutiki, hata aje mkubwa gani. Majina ya watu hayamo, sheria ya taarifa binafsi inakataza. Yanabaki halmashauri, humu inaingia alama tu. Juu ya hilo tulibishana miezi na mwanasheria wa serikali, neno kwa neno, nikaishia kumpenda yule mama kwa ukali wake. Lakini kanuni ya marekebisho niliitunga mimi: mpaka ukishaandikwa, haubadilishwi bila dole gumba la majirani wote wawili. Nilijivuna nayo, acha tu.

Bibi alinisikiliza huku akimenya ndizi.

"Hakifutiki kabisa?"

"Kabisa, bibi."

"Basi msikosee."

Kihamba chetu, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, hakina ukuta. Mpaka wake ni masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa kwa mstari. Siku ya kupima bibi alikuwa ameenda hospitali ya Mawenzi kutazamwa macho, na mimi kwa kiherehere changu sikumsubiri. Mtoto wa nyumbani nionyeshwe mpaka na nani? Nikatembea na simu, isale hadi isale, nikiweka alama, nikatia dole kwa niaba ya familia. Nikaenda kunywa chai.

Kumbe nilikuwa nimesahau kitu ambacho kila mtu wa kwetu anakijua: isale hupandwa na kaburini pia. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Kaburi lake halina simenti, bibi alikataa katakata, na tuta lenyewe lilishalala likafunikwa na majani ya migomba. Nilijua liko upande ule wa chini. Lakini nilipoliona lile isale nene, hatua chache tu ndani ya mpaka, nililipigia alama pamoja na mengine.

Bibi aliporudi akataka kuona. Tukautembea mstari wote, mimi nikisoma kwenye simu, yeye na fimbo yake. Tulipofika pale unapopinda, akasimama.

"Hapa umepinda kwa nini?"

Nikamwonyesha isale. Alilitazama, akanitazama mimi, akakaa chini palepale kwenye majani. Kaburi lilikuwa limeangukia kwa jirani, na kando yake kuna nafasi ambayo hajawahi kuipanda hata mgomba mmoja. Sote tunajua ni ya nani.

"Sasa mimi mtanizika wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Futa," akasema.

"Haifutiki, bibi."

"Nani aliyetunga ujinga huo?"

"Mimi."

Njia ilikuwa moja tu, dole la jirani. Na yule mzee hakuwa amesemeshana na bibi tangu walipogombania zamu ya maji ya mfereji, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Bibi akainuka, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akanisukumia mkononi. Kwetu hilo ndilo ombi la msamaha, na ukiletewa huna ruhusa ya kufunga mlango.

"Aliyekosa ndiye anayepeleka. Nenda."

Nikaenda, nikamkuta yule mzee mlangoni kwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Aliligeuzageuza jani akacheka mpaka akakohoa. "Na makompyuta yenu yote hayo, umekuja na jani!"

Nikamweleza yote, na kanuni yangu.

"Kwa hiyo nikikataa?"

"Ukikataa, kaburi limebaki kwako."

Akaendelea kuligeuza lile jani. Weee, damu ilinichemka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie neno ambalo asingelisahau, isale au si isale.

"Kaburi lile nililichimba mimi," akasema. "Ile nafasi ya pembeni niliipima mimi, kwa hatua zangu, huyo bibi yako amesimama ananisimamia kama nyapara. Leo nimwambie akalale wapi? Twende."

Alikuja na jani mkononi. Bibi alikuwa bado palepale. Hawakusalimiana. Nikapima upya kwenye masale ya kweli, mzee akiniongoza kwa kidole, kisha kila mmoja akaweka dole lake kwenye simu. Kosa langu halikutoka, limo mpaka leo na litakuwamo, ila juu yake sasa kuna marekebisho.

"Karibu mbege," bibi akamkaribisha jirani kwenye pombe yake ya ndizi, akiangalia pembeni.

"Nishakaribia."

Nilidhani tumemaliza. Bibi akajikokota hadi kwenye ile nafasi yake, akasimama wima na fimbo yake, miguu pamoja.

"Hebu niangalie humo kwenye simu. Nimo?"

Nikasogea hadi ubavuni pake, nikasubiri ile nukta inayoonyesha tulipo itulie ndani ya mstari.

"Umo, bibi. Umo kabisa."

"Haya," akasema. "Sasa hapo msifute."