Bastola ya Mtani Wangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka siwezi kukaa kitako. Niache nizunguke hapa uani huku nakueleza, usiniambie "mama keti". Tangu jana uliponionyesha hizo picha kwenye simu, ukaniuliza kwa bashasha, "Mama, ipi haitaonekana nikivaa shati?", sijapata utulivu. Chai sijainywa. Maharage nimeunguza.

Najua kibali umekipata kihalali. Serikali ya mtaa wamekupitisha, polisi wamekuhoji, wakubwa wameridhia, na kesho unapanda treni kwenda Dar kuchagua bastola yako ya kwanza. Sikukatazi. Kibanda chako cha kutuma na kutoa fedha pale Gongoni kimeshavamiwa, na lile kovu la panga begani mwako nimelisafisha mimi mwenyewe. Anayesema woga wako ni wa bure hakukuona ulivyolala hospitali. Lakini kabla hujaenda nisikilize, na hiyo simu iweke chini.

Unamfahamu Mzee Maganga, yule wa asali sokoni. Enzi zile alikuwa kijana wa nguvu, mimi mke wa juzi juzi, wewe bado wa mgongoni. Yeye Mnyamwezi wa Usoke. Mimi Mzaramo, ingawa nimezaliwa hapa hapa Tabora, baba alipoletwa na kazi ya reli. Basi ni watani. Utani huo umetoka mbali, tangu babu zao wanashuka pwani na mizigo kichwani, na babu zetu wanawapokea kwa uji na matusi. Mimi na Maganga tuliuishi barabara. Alikuwa akinikuta sokoni ananipokonya kapu, anatangaza Mzaramo kaiba nyanya. Mimi namvua kofia mbele ya wakwe zake, siirudishi mpaka aninunulie soda. Marehemu baba yako, Mzaramo mwenzangu, alikuwa anacheka hadi anashika ukuta. Hakuna aliyenuna, maana kwa mtani hakuna kununa.

Biashara tulifanya pamoja. Yeye anakusanya asali na nta vijijini, mimi nina wateja wangu Dar. Siku moja wakamvizia kwenye barabara ya vumbi akienda kununua asali, wakampiga, wakamwacha na suruali tu. Alipopona akahangaikia kibali cha bastola, na alipokipata tukasafiri wote hadi Dar, mimi na madebe yangu ya asali.

"Mtani, nisindikize dukani," akaniambia. "Wewe una jicho la kuchagua."

Muuzaji alikuwa Mhindi mmoja mtu mzima, msema taratibu. Akatandaza kitambaa, akaweka mbili, zote tupu. Ya kwanza nene, risasi zake zinakaa kwenye kikombe kinachozunguka. "Hii nzito kuvuta," akasema. "Lazima udhamirie. Kwa mtu anayeanza, chukua hii." Ya pili ilikuwa bapa, nyembamba, magazini ya risasi inaingia ndani ya mpini. "Hii ukishaikoki, kidole kidogo tu. Inataka mtu aliyezoea. Na isichomekwe kiunoni bila ala yake." Kisha akamuuliza Maganga, "Watu wako wanakugusa gusa?"

"Wanigusaje, mzee?"

"Kukumbatiana. Kushikana. Mke, watoto, rafiki."

Maganga akaninyooshea kidole. "Huyu hapa ananivua hadi kofia." Sisi tukacheka. Muuzaji hakucheka. Akaisogeza ile nene mbele yake.

Maganga akaichomeka kiunoni kujaribu, akageuka nimwone. Na mimi na huu mdomo wangu! "Weee! Mbona umevimba, umemeza kibuyu? Utazunguka Tabora nzima watu wakidhani una ngiri!" Akaichomoa haraka, aibu imemshika. Akajaribu ile bapa, akashusha shati, akageuka mbele, akageuka nyuma. Haikuonekana hata chembe. "Hiyo hiyo," nikasema, "umekaa kama bwana harusi." Akainunua. Ala akaikataa, eti inaongeza unene.

Tuliporudi, Maganga akawa mtu wa mashaka. Mgahawani hakai mpaka apate kiti cha ukutani. Pikipiki ikipita nyuma yake anashtuka, mkono unakimbilia kiunoni. Ukimsogelea kumkumbatia anakupa bega. Mkewe alinieleza kwamba hata mtoto wake akimrukia anamzuia kwa mkono. Mimi nikawa namtania, "Mtani, una chawa?" Naye anacheka cha meno tu. Kumbe hakuwa na raha hata dakika moja, maskini. Kwa kuwa kitu chenyewe hakionekani, baada ya muda mimi nikasahau kabisa kwamba anacho.

Kisha mama yake akafariki. Nikapanda treni hadi Usoke na wewe mgongoni, maana msiba gani utakwenda bila watani? Nilipofika nikaingia ndani, nikajifunga kitenge cha marehemu, nikachukua fimbo yake, nikatoka uani nikiwagombeza wakaza wana kwa sauti yake ile ya puani. "Nani kaunguza ugali wangu? Nimefumba macho kidogo tu mmeshaanza uchafu!" Waliokuwa wakilia wakacheka, na waliocheka wakalia upya, wakapumua. Hiyo ndiyo kazi yetu msibani.

Maganga peke yake alikuwa amesimama pembeni, mgongo kwenye ukuta wa bani la kukaushia tumbaku, hacheki wala halii. Nikasema huyu leo namfunga kwa mkanda wake mwenyewe mpaka atoe jogoo. Haki yangu hiyo. Nikamvizia ubavuni, nikapenyeza mkono chini ya shati kuvuta mkanda, na mkono ukatoka na bastola.

Sijui shetani gani alinipanda. Badala ya kuiachia nikainyanyua juu. Ua mzima ukaangua kicheko, walidhani ni kitu cha kuchezea nilichokuja nacho. Nikamwelekezea Maganga kifuani. "Toa jogoo, la sivyo unamfuata mama!" Kidole changu, mwanangu, kilikuwa juu ya kifyatuo. Na wewe mgongoni unarusha miguu kwa furaha.

Maganga akasema polepole, "Mtani, imekokiwa."

"Hata mimi nimekokiwa! Lete jogoo!"

"Kweli tupu. Ina risasi."

"Na mimi nina njaa!"

Watu wakashangilia, "Jogoo! Jogoo!" Watoto wakajazana nyuma yake ili waone vizuri. Unaona balaa lenyewe? Kati yangu na Maganga hakuna neno lililowahi kuaminika. Aliwahi kunijia sokoni ananiambia nyumba yangu inaungua, nami nikamwambia apitie akachome mahindi. Akipiga kelele, ni utani. Akinisihi, ni utani. Akinirukia kunipokonya, tutang'ang'aniana, na kidole kiko pale pale. Nilimwona jasho linamtiririka usoni, nikajisemea, leo mtani anaigiza vizuri kweli.

Basi Maganga akapiga magoti kwenye vumbi. Akanitazama, akaniita jina nililopewa na baba yangu, jina ambalo hakuwahi kulitumia hata siku moja.

"Mwajuma," akasema. "Shikamoo, dada yangu."

Yarabi! Mtani hakuamkii. Mtu aliyekuzidi umri hakuamkii. Na Mnyamwezi ampigie magoti Mzaramo, jeneza la mama yake liko pale ndani? Kicheko kilikatika uani kote. Hapo ndipo nilipojua nimeshika kifo mkononi. Nikaitika "Marahaba". Akasema, "Elekeza chini. Toa kidole. Taratibu. Hivyo hivyo." Akaichukua, akachomoa magazini, akavuta kile chuma cha juu, na risasi moja ikaruka ikaanguka karibu na mguu wangu. Nikakaa chini na kitenge cha marehemu, nikajikojolea. Nakuambia wazi, nikajikojolea mbele ya watu wote.

Shangazi yake Maganga akaja akanifungua mbeleko, akakuchukua wewe akakupakata. Kisha akamgeukia Maganga, wala hakupaza sauti. "Baba, humu uani ulikuwa unamwogopa nani? Tuliopo ni ndugu zako na watoto wako." Maganga alikuwa analia, na nadhani siku ile hakuwa anamlilia mama yake tu.

Tukazika. Jogoo sikumdai. Na tangu siku hiyo Maganga ananisalimia kwa adabu. "Habari za asubuhi, mama Shabani. Watoto hawajambo?" Asali ananipa safi, ahadi zake anatimiza, heshima tele. Nilijaribu mara moja kumvua kofia pale sokoni. Akasimama wima, akangoja nimrudishie, nikamrudishia. Ile shikamoo ilituokoa wote, lakini ilishatoka, na hatukuweza tena kuwa kama zamani. Kila tukitaka kucheka tunaiona ile risasi kwenye vumbi.

Baba yako alipofariki ulishakuwa mkubwa, unakumbuka. Maganga alikuja. Akatoa rambirambi, akakaa na wanaume wenzake, akashika jembe makaburini, akaondoka. Watu wakamsifu, mzee mstaarabu yule. Mimi niko mkekani namfuata kwa macho kila anapopita. Nangoja aje aseme mume wangu alikuwa bahili. Nangoja alale mlangoni akatae jeneza lisitoke. Anifiche viatu, anitukane, afanye lolote, nicheke kidogo nipate kupumua. Hakuja. Nilimzika mume wangu bila mtani, na hilo linaniuma mpaka kesho.

Sasa ninachokuusia ni hiki. Chagua ile ngumu kuvuta, hata kama inakuvimbisha, hata kama wenzako watakucheka. Nunua na ala yake, usiniletee habari za unene. Usitembee nayo imekokiwa. Na kabla hujajifunza kulenga, jifunze kuitoa risasi mpaka mikono ifanye yenyewe. Watakaokusifu dukani kwamba imekukaa vizuri usiwasikilize, maana mmoja wao nilikuwa mimi. Mkeo ajue unayo, na rafiki zako wanaokurukia shingoni wajue, kwa sababu jambazi ndiye wa kufichwa, si wao. Ukienda msibani, harusini, msikitini, iache nyumbani kwenye kasha la chuma, na ufunguo ukae nao wewe. Ukirudi jioni ifungie kwanza, ndipo umwite mwanao.

Na siku ukijikuta huwezi kumpa mtu mgongo, hata mimi mama yako, usione aibu. Irudishe polisi. Tutaweka mlinzi, tutaweka mlango wa chuma pale Gongoni, tukishindwa tutauza nyanya. Tutaishi tu, mwanangu.

Haya, sogea, inamisha kichwa nikuombee. Mwenyezi Mungu akukinge na wenye mapanga. Akuondolee hofu iliyokukaa kifuani tangu walipokuumiza. Akupe njia salama ya kwenda na ya kurudi. Na siku utakaponizika mimi, akujalie watani wa Kinyamwezi wakuvamie hapo makaburini, wakuvue mkanda, wakupekue kila mfuko, wasikute kitu, wakucheke mpaka ucheke. Amina.