Uzito wa Dereva

Ukimpelekea shangazi yangu kilo moja ya sukari, ataipima kwanza kwa kiganja ndipo aseme asante. Akisema imepunjwa, rudi dukani usibishane. Mimi nilibisha siku moja nikaaibika mbele ya muuzaji. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kile kibanda cha vioo langoni mwa ghala la nafaka, akipima malori yanayoingia na mzigo na kutoka matupu. Watu wakamwita Mama Mizani, na alipostaafu jina halikustaafu naye.

Anaishi nyumba ya pili kutoka ukuta wa ghala. Vyumba viwili, jiko, kamba ya nguo uani, basi. Mwanawe wa pekee alikuwa mtoto mnene, mtaa mzima ukamwita Bonge, na Bonge alipokua akawa dereva wa ghala hilohilo. Mama anapima, mwana anapimwa. Walikuwa na utani wao: lori likipanda mizani, mama anampigia kelele dirishani, "Shuka, wewe peke yako ni gunia!" Maana kanuni ya mizani ndiyo hiyo, dereva hushuka, asije akauzwa pamoja na mahindi.

Kisha siku moja mzigo wa Bonge ukafika umepungua. Aliapa hakugusa hata punje, na mimi nilimwamini, bado namwamini. Wanaopakia kule wana mikono mirefu. Alimsihi mama yake aandike uzito ule waliompakilia. Shangazi akaandika alichokiona. "Mizani haina ndugu," akasema. Bonge akafukuzwa kazi. Alisimama mlangoni pa kibanda, akamwambia, "Basi baki na mizani yako," akaenda zake, na nyumbani hakukanyaga tena. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini huyu mzazi haongei uchungu wake. Ukimuuliza habari za Bonge, naye anakuuliza kama umekula.

Mimi ni fundi wa mitandao. Nafunga, nafungua, nalaumiwa. Juzijuzi meneja mpya wa ghala, mwenye tai ndefu kuliko subira yake, akaniita.

"Fundi, wanunuzi wenzetu wanajua uzito wa magari yetu kabla sijaujua mimi. Kuna mtu anasikiliza. Kikulacho ki nguoni mwako."

Aliyasema hayo akiwatazama wapagazi, utadhani wamebeba mitambo mifukoni. Nilitaka kumwambia kwamba ghala lenyewe ndilo linalopiga kelele. Pale kibandani kuna kisanduku kidogo chenye antena. Waya wa mizani unaingia upande mmoja, na namba zinatokea upande wa pili, hewani, mpaka kwenye kisanduku mwenzake ofisini, ambako printa inatoa karatasi ya kila gari. Tangu kilipofungwa pale hakijawahi kuwekewa ufunguo, na nywila yake ilikuwa ileile ya kiwandani. Unasoma barua kwa kipaza sauti, kisha unauliza nani kaisikia.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaweka ufunguo mmoja, mlolongo wa herufi na namba, kwenye visanduku vyote viwili. Kuanzia hapo namba zinasafiri zimevurugwa, na mwenye ufunguo peke yake ndiye anayeweza kuzipanga tena. Unaanza na kisanduku cha mbali. Ukianza na cha karibu, umejifungia nje na utatembea kwa miguu. Lakini mimi kabla ya kufunga mlango hutazama kwanza nani yumo ndani, kwa hiyo nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kibanda. Ofisi. Na cha tatu, kilichoitwa JIKONI.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mwaka ule shangazi alipovunjika mguu, kabla hajakosana na Bonge, meneja wa zamani alimpelekea printa na kisanduku nyumbani, akawa anakagua karatasi za magari akiwa jikoni kwake. Bonge ndiye aliyevibeba begani na kuvifunga. Mguu ukapona, watu wakasahau. Nikazunguka ukuta nikapiga hodi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, ile printa ya ghala..."

Haikuningoja nimalize. Juu ya kabati, kati ya kopo la chai na redio, printa ikakereza na kutoa karatasi. Shangazi akaisoma namba ya gari, akaitupa kwenye kikapu cha kuwashia moto.

"Siye," akasema.

Ndipo akaniambia. Bonge alipata kazi kwa tajiri mwingine, na kila Alhamisi lori lake huleta mzigo hapahapa. Mpimaji wa sasa amechoka kugombana naye, maana hashuki. Anakaa ndani likiwa limejaa, anakaa ndani likiwa tupu, na kwa hesabu za ghala haidhuru kitu, uzito wake unajifuta wenyewe. Ila uzito wa lori lenyewe umeandikwa mlangoni. Shangazi alikwenda langoni siku moja, kajitanda mtandio mpaka machoni, akausoma. Tangu hapo, karatasi ya kutokea ikija, anatoa uzito wa lori, na kinachobaki ni mwanawe.

"Mwezi uliopita alikuwa tisini," akasema. "Sasa themanini. Anakula wapi yule mtoto?"

"Lakini shangazi, dizeli ya kwenye tangi peke yake..."

"Dizeli naijua. Usinifundishe mizani." Akakaa kwenye kigoda, akashusha sauti. "Naijua, mwanangu. Ila nina namba gani nyingine ya kwake?"

Nikamweleza kilichonileta, kwamba meneja anataka pafungwe na karatasi zake hazitasomeka tena. Kisanduku chake kilikuwa pale nyuma ya redio. Ufunguo ningeuweka kabla chai haijapoa. Nilijua hivyo, naye alijua, nilimwona anavyoitazama mikono yangu. Nikangoja aombe. Angeomba ningempa, nasema kweli.

"Ukinipa mimi, kesho mwingine naye ana mwanawe," akasema. "Funga. Ila acha Alhamisi ipite kwanza."

Meneja nikampiga chenga, nikamwambia kuna kifaa kinasumbua. Alhamisi nikawa jikoni kwa shangazi. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri, kama anayengoja mgeni. Karatasi ya kuingia ikaja, yenye namba ya lori la Bonge. Tukangoja lipakuliwe. Ya kutokea ikaja, akapiga hesabu kichwani, midomo ikicheza.

"Themanini," akasema, akaiegemeza ile karatasi shavuni. Nilitoka uani nikajifanya nakagua antena.

Jioni ile nikafunga. Ofisini namba zikatoka safi, meneja akanipa mkono. Lakini visanduku vile ni vya zamani. Haviwezi kumzuia mtu asipokee, vinaweza tu kumfanya asielewe. Kwa hiyo printa ya jikoni haikunyamaza, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kila lori likipimwa inakereza kama kawaida, inatoa karatasi iliyojaa vinyota na vijistari visivyo na maana. Wiki ilipozunguka, Alhamisi asubuhi, nikapita kwa shangazi, nikakuta amezirundika mezani zote. Kikapu kilikuwa kitupu.

"Nimeshindwa kuzichoma," akasema. "Yoyote inaweza kuwa yake."

Damu ikanichemka. Si kwa meneja, kwa Bonge. Mtu mzima, miguu yote miwili anayo, anapita nyuma ya ukuta wa mama yake wiki nenda wiki rudi! Nikaenda langoni nikamvizia. Lori lake lilipopanda mizani likitoka, tupu, mpimaji akagonga kioo kumwonyesha ashuke, kwa mazoea tu. Mimi nikaparamia kidaraja cha mlango.

"Shuka."

"Aa, binamu! Sishuki mimi, hapa wananijua." Alikuwa anacheka, na mashavu yake yalikuwa palepale.

"Printa ya mama yako haisomeki. Nimeifunga mimi. Namba zako hazimfikii tena."

Kicheko kikakatika. Nilidhani ataniuliza printa gani. Hakuuliza.

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi iliyopita, jioni."

"Nilikuwa sijui kama bado anaiwasha," akasema.

"Hajawahi kuizima."

Hapo nikaelewa kwa nini hashuki. Hasira yangu yote ikaniisha, nikabaki nimeshikilia mlango kama mjinga. Alikuwa anajipimisha. Alikuwa amekasirika kiasi cha kutobisha hodi, lakini si kiasi cha kumnyima mama yake uzito wake.

"Alikuwa anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema umekonda. Kutoka tisini mpaka themanini."

Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Ni dizeli, binamu. Tajiri siku hizi hanijazii tangi. Mwambie ni dizeli tu."

"Kamwambie mwenyewe."

Nyuma yetu malori yameanza kupiga honi, mpimaji katoa kichwa dirishani anatukana ukoo wetu wote. Bonge aliutazama ukuta wa ghala, akayatazama na mabati ya nyumba ya pili yanayochungulia juu yake. Kisha, palepale juu ya mizani, akazima injini.