Aproni Iliyofuliwa

Kazi ya kung'arisha kaharabu, utomvu wa kale uliogeuka jiwe la mapambo, mzee alifundishwa na mkewe. Ukiisugua ikapata joto, hunukia utomvu wa misonobari iliyokufa kabla binadamu hajakuwapo. "Ukiniletea plastiki badala ya kaharabu, utalala nje!" mkewe alizoea kumtania.

Mkewe alipofariki, mzee alibaki na aproni ya marehemu msumarini, ikinuka utomvu na jasho la mkewe. Kila asubuhi aliinusa kwanza, ndipo akawasha mashine.

Leo aliukuta msumari mtupu.

"Nimeifua, baba," binti yake alisema kwa furaha. "Ilikuwa imekakamaa kama ubao!"

"Ahsante, mama." Angemlaumu kwa lipi?

Akakisugua kipande cha kaharabu mpaka kikapata moto. Misonobari ilinukia vilevile kama jana. Jasho la marehemu halikuwamo.