Ndege ya Shemeji na Paa la Mama Mkwe

Ashukuriwe Mungu aliyempa kunguru mabawa, na mimi akanipa miguu iliyonifikisha uzeeni.

Tangu nikichunga ng'ombe Butula nilitamani kuruka. Mungu alinipa mke, shamba na kazi ya kufundisha katekisimu. Kuruka akampa shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu.

Alirudi kwao Chakol na kindege cha betri chenye viti viwili, chepesi kiasi cha kusukumwa na watu wawili kama mkokoteni. Alikichaji kwa umeme kama simu. Kilipopaa kutoka malishoni hakikunguruma. Kilivuma kama nyuki. Mwalimu alikipanda, kasisi akakipanda, hata muuza dagaa wa omena. Kila aliyeshuka alikuwa anacheka, na mimi nikasema "Mungu asifiwe" huku roho ikiniuma. Amri ya kutotamani cha jirani nimeifundisha miaka mingi. Siku hizo haikunisaidia.

"Shemeji, unaogopa mawingu?" alinichokoza mbele ya watu.

"Naogopa paa la mama yako."

Walicheka, maana walielewa. Kwetu mkwe hapandi juu ya paa la mama mkwe, hata kuliezeka. Upande wa magharibi ni Uganda, na shemeji hakuwa na ruhusa ya kuvuka mpaka. Kwa hiyo kila safari iligeukia juu ya boma la mama mkwe.

"Mama akienda sokoni je?" shemeji aliuliza.

"Paa ni paa, hata mwenyewe asipokuwepo."

Mama mkwe alisikia habari hizo, akamwambia mke wangu anilete Jumamosi. Nilivaa koti la kanisani, nikasimama mbali naye kama heshima inavyotaka.

"Paa ni langu," alisema, akijifunga leso kichwani. "Leo napita juu yake mimi mwenyewe. Baada yangu, mkwe apite."

Akapaa na binti yake rubani. Walizunguka, wakazunguka tena. Nilimwonea wivu bibi kizee, Mungu anajua.

Waliposhuka, shemeji alitazama mitambo, akacheka. "Pole, shemeji. Mama amekula betri yote."

Kabla haijajaa, mvua ya alasiri ilifika. Mama mkwe alimwambia mke wangu kwa sauti, ili nisikie: "Mwambie mzee wako, siku yake ikifika avae sweta. Huko juu kuna baridi."

Bado nangoja. Njia imefunguliwa, nashukuru, lakini lile neno la sweta linanichoma mpaka leo.

Nawe unayesoma, Mungu akupe unachokitamani. Na akianza na mwenzako, akujalie usingizi mtamu ukingoja.